Kisima cha Ngwali katika Nchi ya Nipe Nikupe

Mimi ni mtu wa wasiwasi na sioni haja ya kulificha hilo. Mlango ukigongwa nawaza msiba, simu ikikatika nawaza mazishi. Kwa hiyo atakayesema kwamba haya ya nchi ya Vipandeni nimeyatia chumvi kwa woga wangu, na aseme. Nilikuwako, niliyaona. Njia niliyopita kufika huko siielezi, maana haimfai mtu. Watu wa kule hawakaribishi wageni wala hawawafukuzi, ukifika, umefika.

La kwanza lililonipata ni kwamba salamu yangu haikuitikiwa. Nilimwamkia mzee mmoja shikamoo, akaweka kiganja mdomoni, akanitazama kwa huruma, akapita. Nikamsalimia mwanamke aliyekuwa akianua nguo, naye kiganja mdomoni. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimesalimia mtaa mzima bila kupata hata marahaba moja, nikaanza kujipapasa uso nione kama nimetokwa na vipele. Baadaye nilielewa kwamba hakuna aliyenichukia. Nchi ile ina sheria moja kubwa, nayo imechorwa juu ya kila mlango: Asiye na kipande hajibiwi.

Sheria hiyo ina asili yake, na si asili mbaya. Zamani maarifa yote ya nchi yalikaa katika nyumba moja yenye dirisha moja, na nyuma ya dirisha aliketi mjuzi mmoja. Anayetaka kujua namna ya kufunga jeraha, kuezeka paa au kupika kunde alipanga foleni. Watu walizeeka foleni. Siku mjuzi alipopatwa na mafua na sauti ikamkauka, nchi nzima ilikula kunde mbichi. Basi wananchi wakalivunja lile dirisha, wakakata kila somo vipande, wakagawana vichwani mwao. Tangu hapo mtu hujifunza kwa kubadilishana. Wewe una kipande cha tatu cha kuezeka paa, mimi nina cha tisa, ninong'oneze nikunong'oneze. Anayepokea bila kutoa huitwa mruba, na mruba hufungiwa viganja na kila mtu mpaka afe au ahame.

Na mfumo unafanya kazi, nisiseme uongo. Kesho yake ilikuwa siku yao iitwayo Siku ya Bahati, ambayo huja mara moja kwa mwezi, na siku hiyo kila nyumba humpa kipande kimoja mtu asiye na kitu, waone kama naye atatoa. Mwanamke aitwaye Mwatabu alinivuta kando akaninong'oneza namna ya kuloweka mchele wa vitumbua. Ni hicho tu. Nikakipeleka sokoni, nikakibadilisha kwa kipande cha hamira, hamira ikanipa nazi, nazi ikanipa moto wa makaa, na kabla ya magharibi nilikuwa najua kupika vitumbua kutoka mwanzo hadi mwisho. Ajabu yake ni kwamba walikuwapo mamia ya watu waliotaka somo hilohilo siku ile, na kadiri walivyozidi ndivyo mambo yalivyokwenda mbio. Kwetu watu wakizidi foleni hurefuka. Kule watu wakizidi foleni huisha.

Mwatabu na mumewe Ngwali walinipa chumba cha uani. Ngwali alikuwa mchimbaji visima, jitu la mtu, mcheshi, mwenye kuimba vibaya na kujua kwamba anaimba vibaya. Alinitania tangu siku ya kwanza. Alisema mgeni huyu akikosa la kumtisha atatishika kwa kulikosa. Nilicheka, lakini usiku nililifikiria jambo hilo nikaona kweli lilikuwa linanitisha.

Serikali ya Vipandeni ina ofisi mbili zinazohusika na maarifa, na zote mbili hupima mwendo. Ya kwanza ni ya Bwana Makame, Msimamizi wa Kasi, mtu nadhifu, mpole wa sauti, ambaye hutembea na mpiga ngoma. Kipande kikifika kwa watu wengi, ngoma hulia, na Makame hutangaza kwa wastani somo limekwenda kwa kasi gani. Watu hupiga vigelegele. Ya pili ni ya Bi Ridhai, Msimamizi wa Mkia, mama mwembamba mwenye kifua cha kukohoa. Yeye hushikilia kwamba wastani ni porojo, na kwamba somo lipimwe kwa yule wa mwisho kulipata. Wamebishana hadharani miaka mingi, na mabishano yao ni matamu kuyasikiliza. Nilimwuliza Bi Ridhai, humfanyia nini huyo wa mwisho? Akashangaa. Kazi ya ofisi yake ni kumngojea na kuandika alichelewa kiasi gani. Kumharakisha si kazi ya ofisi yoyote.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kipande kinachoulizwa sana ndicho kinachokununulia vingine, kwa hiyo kila mtu hukumbatia vipande vya sokoni. Vile ambavyo havina mwulizaji watu huviacha vififie. Mwatabu aliniambia hivyo huku akipepeta mchele, kama anayenieleza bei ya vitunguu. Nikamwuliza, je, siku vikihitajika? Akasema vitatafutwa. Nikamwuliza, kwa nani? Akasema mgeni ana maswali ya kumkosesha mtu hamu ya kula.

Asubuhi moja Ngwali alishuka katika kisima cha jirani kusafisha tope, na ukuta wa kisima ukaporomoka.

Tuliposikia kishindo tulitoka mbio, mimi na Mwatabu na mtaa mzima. Shimo lilikuwa limejaa udongo na mawe hadi karibu na mdomo, vumbi limetanda. Nilijua amekwisha. Lakini vumbi lilipotua tukasikia sauti kutoka chini, mbali, nyembamba, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mawe yalikuwa yamepishana yakamwachia uwazi. Alikuwa akiita jina la mkewe.

Mwatabu alipiga magoti ukingoni na kufungua mdomo aitikie. Bwana Makame alikuwa ameshafika na ngoma yake, akamshika bega, si kwa ukali. Alimweleza kwamba sasa hivi linaitishwa Somo la Aliyefukiwa, lenye vipande ishirini, na kwamba yeye Mwatabu, kama mwenye haja, hupewa kipande kimoja cha kuanzia kubadilishana, hivyo mdomo wake na masikio yake yanahitajika katika duara. Akamweleza pia kwamba Ngwali hana kipande cha somo hilo. Aliulizwa mwaka juzi na mwaka jana, hana. Na asiye na kipande hajibiwi. Mdomo mmoja ukitoka katika duara kumjibu asiye na kitu, kasi ya wote hushuka, na atakayeumia ni Ngwali mwenyewe.

Mwatabu alimtazama yule bwana, akatazama shimo. Kisha akainuka akaingia duarani, maana alimpenda mumewe na alitaka kasi.

Na kasi ilikuwapo, jamani. Sijaona kitu kama kile. Watu mia walinong'onezana masikioni, wakahama, wakanong'onezana tena, na ngoma ikalia: namna ya kukata nguzo za kuzuia ukuta, imefika; upana wa shimo la pembeni, umefika; kamba ifungwe wapi, imefika; udongo umwagwe upande gani, imefika. Chai ya asubuhi haijaiva, vipande kumi na tisa vilikuwa katika vichwa vya watu wote. Makame alitangaza kwamba kwa wastani hii ndiyo kasi kubwa kuliko zote tangu nchi igawane. Vigelegele vikapigwa, na katikati ya vigelegele nikamsikia Ngwali anaita.

Kilichobaki ni kipande cha kwanza. Hakuna aliyekuwa nacho. Duara likazunguka, kila mtu akimwuliza mwenzake, na kila mtu akimpa mwenzake vile kumi na tisa ambavyo mwenzake anavyo. Jembe lilikuwapo na nguzo zilikwisha kukatwa. Nikamwendea Makame, nikamwambia waanze na hivyo walivyonavyo. Alinijibu kwa sababu siku hizo nilikuwa na vipande vyangu. Alisema somo pungufu halifunguliwi. Waliwahi kuchimba bila kipande kimoja, ukuta ukala waokoaji watano, na hakuna ajuaye hiki cha kwanza kinakataza nini. Bi Ridhai naye alikuwa ameketi juu ya ndoo, anakohoa, anangojea mkia. Alimwambia Makame kwamba leo watu wataona nani alikuwa na haki. Hapo nilitamani kumpiga mtu, na mimi si mpigaji.

Ngwali aliita tena. Safari hii hakumwita mkewe tu. Aliita majina ya majirani mmoja mmoja, na kila aliyeitwa aliweka kiganja mdomoni. Mmoja aliweka viganja viwili, kimoja mdomoni na kingine sikioni, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Mwatabu akatoka duarani akanishika kanzu. Aliniambia yuko mtu mmoja aliyelitimiza somo lile, Mzee Vuai, naye anakaa Mtaa wa Waliotimia. Twende.

Niliuliza njiani kwa nini hawakumwendea tangu mwanzo. Jibu nililiona tulipofika. Mtaa ule ni mzuri, una vibaraza vipana, na kwenye kila kibaraza ameketi mtu mwenye kofia nyeupe akiwa hana kazi. Hao ndio waliokusanya vipande vyote vya somo. Wanaheshimiwa mno na hawaongei na mtu. Sheria inataka kipande cha somo kiingie ndipo kipande cha somo hilohilo kitoke, na aliyetimia hakuna kipande anachokosa, kwa hiyo hakuna kinachoweza kumwingia. Anayejua yote ndiye pekee asiyeruhusiwa kusema lolote. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwuliza Mwatabu mara mbili. Akaniambia ndivyo ilivyo, hata watoto wanalijua, nisimpotezee muda.

Mzee Vuai alikuwa anamenya karanga. Mwatabu alipomweleza, karanga zikamwanguka. Tulimwona anataka kusema. Midomo ilimcheza, akatazama kushoto na kulia, akaona wenzake wa vibaraza vingine wametega macho. Alikuwa na rafiki, Mwatabu alinieleza baadaye, ambaye alitoa kipande bure kwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Nchi nzima ilimfungia viganja. Aliishi miaka akizungumza na mbuzi, na alipokufa hakuna aliyemsomea chochote kwa sauti.

Makame alikuwa ametufuata, anahema. Nikamkumbusha Siku ya Bahati, kwamba siku hiyo watu hutoa bure. Akakubali, ni kweli, lakini imekwisha kupita; nyingine ni mwezi ujao. Alilisema hilo kwa masikitiko ya dhati.

Mwatabu hakupiga kelele. Alimgeukia mzee akamwambia:

"Babu, sahau kimoja."

Kisha Mzee Vuai akasema, polepole, kwamba kwa kweli uzee umemwingia, na kwamba kile kipande cha saba, cha kamba, kimemtoka kichwani.

Hapo ndipo nilipoijua vizuri serikali ya Vipandeni. Makame alifurahi, alitaka lipite, lakini alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zinataka usahaulifu uthibitishwe. Atathibitishaje mtu kwamba hajui? Waliitwa wenye kofia nyeupe watatu, wakamkalisha Mzee Vuai mbele yao, wakamtazama uso. Mmoja alisema aliyesahau hufumba jicho la kushoto. Mwingine alisema hilo ni la aliyesahau jina la mtu, si kipande. Wa tatu alitaka aelezwe kwanza kipande cha saba kinasemaje, ili ajue kama mzee ameshtuka kukisikia. Akakumbushwa kwamba mzee akikisikia hatakuwa amekisahau tena. Walizungumza kwa adabu, kila mmoja akimpisha mwenzake, na hakuna neno hata moja walilosema ambalo lilikuwa la kipumbavu peke yake. Mimi jasho lilinitoka hadi kwenye kucha. Nilikuwa nimetega sikio upande wa kisima, na kutoka pale kisima hakisikiki.

Mwishowe walikubaliana kwamba amesahau kwa kiasi cha kutosha. Mwatabu akamnong'oneza mzee kipande cha saba, mzee akatikisa kichwa kama aliyefurahi kujifunza, ngoma ikalia mara moja. Na Mzee Vuai akasema kipande cha kwanza. Alikisema kwa sauti, sote tukasikia:

"Kabla ya jembe, na wakati wa jembe, na mpaka aonekane: akiita, mwitikieni. Asiyeitikiwa huacha kuita, na aachaye kuita huacha kupumua."

Mwatabu alikuwa ameshaondoka mzee hajamaliza. Sijui alikimbiaje na lile buibui. Nilipomfikia alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa kisima, kichwa kimezama shimoni, anaitika. Hakusema kitu kingine, ni kuitika tu, abee Ngwali, abee mume wangu, abee, tena na tena, kujibu ile miito yote aliyoitwa asubuhi ile na hakuitika. Kutoka chini hakukutoka kitu.

Uchimbaji ulikwenda vizuri mno. Somo lilikuwa zima sasa, na kila mtu alijua kila jambo. Nguzo zilisimama zilipotakiwa, udongo ulimwagwa upande wake, ukuta haukumgusa mtu, na hakuna aliyegongana na mwenzake. Walimfikia alasiri. Mawe yalikuwa yamemwachia nafasi ya kukaa, na hakuwa amevunjika mfupa hata mmoja. Alikuwa ameegemea ukuta, uso ameuinua juu, mdomo wazi, na mwili wake bado ulikuwa na joto.

Walimlaza juu ya mkeka. Makame akavua kofia, akangoja kwa heshima, kisha akatangaza kwa sababu kutangaza ni wajibu wake: vipande vyote ishirini vimewafikia watu wote katika siku moja, na kwa wastani hakuna somo lililowahi kwenda vile. Bi Ridhai akasema kwa upande wa mkia siku hii haikuwa nzuri. Wakatazamana, na nadhani kila mmoja aliona amethibitishwa.

Mwatabu aliinuka akiwa na tope kifuani na usoni, akaenda akasimama mbele ya Makame.

"Alikuwa anatuita," alisema. "Hicho ndicho kipande, bwana. Alikuwa nacho yeye mwenyewe, na alitupa bure tangu asubuhi."

Lazima niwe mwadilifu kwa Bwana Makame. Machozi yalimlengalenga. Alikuwa ameelewa. Lakini alipekua kichwani akakuta hana kitu cha kumpa badala ya alichoambiwa, na kwa mazoea ya maisha yake yote akaweka kiganja mdomoni. Wengine nao wakafanya hivyo. Mtaa mzima ulisimama kuzunguka ule mkeka na viganja midomoni, na mwanamke yule amesimama katikati yao.

Mimi roho ilikuwa juu. Nilijua nikisema neno lisilo na malipo nitakuwa nimejifungia nchi ile, hakuna atakayenipa hata njia ya kutokea. Nikasogea karibu naye.

"Pole, dada," nikamwambia. "Pole sana."

Kule neno hilo halipo. Mfiwa ana nini cha kurudisha? Kwetu angeniambia ameshapoa, hata kama hajapoa, nasi tungejua la kufanya baada ya hapo. Mwatabu alinitazama, akalifikiria lile neno, akawa kama anayejipekua mfukoni.

"Hilo nikurudishie nini?"

"Halirudishiwi," nikasema.

Akaketi chini karibu na Ngwali na kuanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nami nikaketi.